Faili Langu Linasema Sina Mtoto

Jumatatu, 3 Machi
Nimechelewa kazini tena. Daudi ana miezi saba, meno yanamsumbua, hanyonyi vizuri. Masjala vumbi tupu. Tunafunga mafaili, ofisi inahama Karatu kwenda Sale. Wafugaji wa kule wamechoka kuja huku kufuata vibali vya mifugo. Ni haki yao. Mimi nimechoka tu.

Jumatano, 5 Machi
Orodha imebandikwa. Wanaotangulia ni wasio na familia. Nimo, jina la tatu. Nilipoajiriwa nilijaza sijaolewa, sina mtoto. Ilikuwa kweli. Baadaye kila siku nitabadilisha, nitabadilisha. Mimi, mtunza mafaili ya wenzangu! Aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nilishika faili langu. Nilikuwa peke yangu masjala. Fomu zipo, muhuri upo, ni kurudisha tarehe nyuma tu. Nani angejua? Nilikaa nalo hadi maziwa yakalowesha blauzi. Nikalirudisha. Wangapi wameniomba jambo hilohilo nikawafukuza?

Ijumaa, 7 Machi
Nimempelekea mkuu wa ofisi cheti cha kuzaliwa cha Daudi na fomu yenye tarehe ya leo. Akacheka. "Binti, huyu mtoto umemficha wapi siku zote?" Akasema orodha imeshaenda juu. Eti niende kwanza, nikifika ndipo niombe kurudi. Nimelia chooni. Nikanawa uso.

Jumapili, 9 Machi
Tumekwenda Baray kwa mama mkwe. Kamkumbatia mjukuu. "Niachie huyu. Kule utamlaza wapi, juu ya mafaili?" Mume wangu anaendesha watalii, kazi yake iko Karatu, hawezi kuhama. Alikuwa anaangalia vitunguu shambani. Nampenda yule mama. Lakini nilimwambia, mama, bado ananyonya, naenda naye. Tulipoondoka hakutusindikiza.

Alhamisi, 10 Aprili. Sale
Chumba kimoja, maji ya kuchota. Jirani ananishikia Daudi, saa nne nakimbia kumnyonyesha.

Leo kaja mzee mmoja kuchukua kibali cha kupeleka ng'ombe mnadani. Kikatoka palepale. Akabaki amekaa.
"Baba, tayari."
"Sasa nirudi lini?"
"Hurudi. Ndiyo imeisha."
Akaniangalia kama namtania. Kisha akacheka, akashika fimbo. "Basi mama, nitawahi ng'ombe wakirudi malishoni."

Jioni mume wangu alipiga simu. Wageni ni wengi, wiki hii haji. Nilimwekea Daudi simu sikioni. Akasikia sauti ya baba yake, akageukia mlangoni.
Na mimi nikageuka.