Hondohondo wa Nyuma ya Nyumba

Mlola, Novemba 1974

Mwanangu Elieshi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Kamera nayo imefika salama.

Nyuma ya nyumba kuna ndege, hondohondo dume. Mkewe amejifungia kwenye tundu la mti kwa udongo, naye anamlisha matunda kupitia ufa. Kila asubuhi nacheka peke yangu kama kichaa!

Tangu tumzike mdogo wako Severin, mama yako alikuwa hatoki chumbani, hata uji nampelekea. Jumapili nikamsimulia habari za ndege huyo.

“Baba Elieshi, unanidanganya,” akasema, akatoka kuhakikisha.

Nilipobonyeza kamera, ndege akaruka.

Picha imesafishwa Lushoto, nakutumia. Hondohondo usimtafute, hayumo. Mtazame anayecheka chini ya mti.

Baba yako,
Hezekia