Usimruhusu Kamugisha Alioshe Turubai

Tanga,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako mke wangu, Mama Kokusima,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nyumba, kisha migomba. Goti lako la kushoto linaendeleaje, sasa kwa kuwa mvua zimeanza? Unalifunga kitambaa cha joto usiku kama tulivyokubaliana, au unalifunga siku zile tu ninapouliza? Mama mkwe kule Bweranyange amepata nafuu ya kikohozi? Je, kahawa ya upande wa mteremko imekwisha kuchumwa, au bado mnasubiri iive vizuri?

Mimi ni mzima. Nakula vizuri, ingawa ndizi za hapa hupikwa na watu wasiojua ndizi ni nini. Kazi ya kuisimamia nyumba hii ya wageni si nzito kuliko darasa la saba. Wageni hawapigi kelele kama wanafunzi, na wanaondoka wenyewe bila kufukuzwa.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka juu ya kaunta ikiwa na sauti kubwa, na wateja wako wote wa hapo Kimuli wanatusikiliza. Maneno haya si ya wateja.

Picha ya duka aliyonitumia binti yetu Kokusima nimeiona. Nimeitazama mara nyingi kiasi kwamba Mzee Shabani, mlinzi wetu, alinikuta nimeishika simu karibu na pua, akasema, “Mwalimu, hiyo ni picha ya bibi harusi?”

“Ni picha ya turubai,” nikamjibu.

“La! Basi turubai hilo lina bahati. Bibi yangu sijamtazama hivyo tangu tupewe mjukuu.”

Turubai lile unajua nilivyolipata. Nilikichagua mimi kitambaa chake, mistari ya kijani na nyeupe, nikakipeleka kwa fundi Omurushaka likashonwa, nikalifunga mimi mwenyewe mbele ya duka lako juma lile nilipoondoka, ili jua la mchana lisikuchome na ili jioni tuwe na mahali pa kukaa nitakaporudi. Katika kila tundu nilipitisha kamba ya katani na kuipiga fundo langu. Ulikuwa umesimama chini umenishikia ngazi, ukisema, “Baba Kokusima, shuka, watu wanatuangalia.”

Sasa kwenye picha naona vumbi jekundu la barabarani, masizi ya jiko lako la maandazi, vinyesi vya ndege, na kuvu jeusi kwenye pindo la chini. Uchafu huo haukuniumiza, kwa maana kitu kikikaa nje huchafuka. Kilichoniumiza ni kona ya upande wa mtaro. Pale hapana kamba yangu. Pana kamba mbichi ya mgomba, imefungwa kwa fundo nisilolifahamu, na utomvu wake umetiririka juu ya mistari myeupe ukawa doa jeusi lenye urefu wa mkono.

Ndiyo sababu nilipiga simu jioni ile. Nitaandika tuliyosema, ili usidhani nimesahau hata neno moja.

“Nani amefunga kona ya mtaroni?”

“Kona ipi, baba?”

“Yenye kamba ya mgomba.”

“Aa, hiyo! Ni Kamugisha. Upepo ulikata kamba yako, naye alikuwa anapita, akanisaidia.”

“Kwa kamba mbichi? Mtu aliyezaliwa migombani hajui kwamba utomvu hautoki kwenye nguo?”

“Ndiyo iliyokuwa karibu. Ulitaka nisubiri kamba kutoka Tanga?”

Hapo nikasikia sauti ya mwanamume nyuma yako. “Ee waitu, mwenzetu, mwambie mwalimu asiwe na wasiwasi! Turubai lake limekuwa jeusi kuliko sufuria ya msibani. Jumamosi nakuja na mashine yangu ya kuoshea pikipiki. Nalipiga maji mara moja tu, utadhani limetoka dukani!”

Nawe ukacheka.

Mke wangu, kicheko kile nakifahamu. Hukicheki unapomcheka mteja, wala mtoto. Ulikicheka pale Bweranyange, nilipokuwa nikija kwenu kwa baiskeli kabla hatujaoana, nikaanguka mtaroni mbele ya shangazi zako. Sikujua kwamba kinaweza kutoka kwa ajili ya mtu mwingine.

Nikauliza Kamugisha amekaa wapi. Ukasema, “Kwenye benchi.” Benchi lile lina ncha mbili, na ncha ya ukutani ni yangu. Sikuuliza amekaa ncha ipi, kwa sababu niliogopa jibu. Kisha nikasikia kahawa ikichezacheza ndani ya kikapu kidogo cha marehemu mama yangu. Najua hapana nyumba ya heshima kwetu inayomwacha mgeni aondoke bila kahawa ya kutafuna. Sikukatazi kumpa mtu akamwani, kahawa hiyo ya kutafuna. Lakini kahawa ile hupewa mgeni, na binti yetu ameniambia, bila ya mimi kumuuliza, kwamba Kamugisha hupita pale kila jioni anapofunga kazi yake ya kuosha pikipiki. Mtu anayekuja kila jioni si mgeni. Basi ni nani?

Sisemi kwamba umekosa. Wala simwiti Kamugisha mtu mbaya. Alipofiwa na mkewe nilibeba jeneza pamoja na ndugu zake, na najua nyumba yake imekuwa kimya tangu siku ile. Nasema kwamba nina wivu. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto kuliita kila jambo kwa jina lake, na sitaliita hili kwa jina jingine.

Hata hivyo, niuache wivu kando kidogo nikwambie jambo la turubai lenyewe, maana hili ningekwambia hata kama mwenye mashine angekuwa mchungaji wetu. Mashine ile italiharibu. Kitambaa kile kimetiwa dawa ya kuzuia maji, na mishono yake ni ya uzi. Jirani zetu hapa, wenye mgahawa, waliosha la kwao kwa mashine kama ile. Lilimeremeta kweli, wakatucheka sisi tuliokuwa tunahangaika na brashi. Mvua ya kwanza ilipokuja, maji yakapita kama kwenye kichujio, wateja wakahamia kwetu na vikombe vyao mikononi.

Kwa hiyo katika kifurushi hiki nimeweka brashi. Ishike uone ilivyo laini. Ni brashi ya kitambaa, si ya sakafu, na Kokusima asiipeleke chooni. Usilishushe turubai. Lioshe likiwa limefungwa palepale, asubuhi ya siku isiyo na dalili ya mvua. Kwanza lifagieni likiwa kavu, juu na chini, kwa maana vumbi letu likipata maji kabla ya kufagiwa linakuwa udongo na kuingia ndani ya nyuzi. Kwenye vinyesi vya ndege weka kitambaa chenye maji mpaka vilainike; usivikwangue kwa kucha wala kisu. Kisha kata sabuni ya mche, iyeyushe katika maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, ujaribu kwanza kwenye pindo la nyuma lisiloonekana. Rangi isipotoka, endelea. Sugua taratibu, ukifuata mistari, na usiiache sabuni ikauke juu yake. Pale penye kuvu, changanya siki kidogo na maji mengi, upake, usubiri, usugue. Suuza mpaka maji yanayodondoka yawe safi.

Usitie dawa ya kung’arisha nguo nyeupe. Na nakuomba sana, usitie majivu ya maganda ya ndizi. Najua mama yako amefulia majivu hayo tangu ujana wake na mashuka yake ni meupe kuliko ya mtu yeyote, lakini shuka si turubai. Majivu yatakula rangi na dawa ya kitambaa kwa pamoja.

Kokusima apande ngazi, wewe usipande kwa goti hilo. Ngazi iegemezwe ukutani, isiegemezwe kwenye fremu ya turubai. Likishaoshwa liachwe wazi likauke kabisa. Msilikunje likiwa na unyevu, na mtu yeyote asije akaliona safi akataka kuanikia kahawa yake juu yake.

Doa la utomvu halitatoka. Msilisugue, mtatoboa kitambaa kwa kutafuta kisichopatikana. Litabaki pale. Nitalitazama kila jioni nikiwa nimekaa kwenye benchi, na pengine baada ya muda nitalizoea.

Nimekwisha kuzungumza na mwenye nyumba hii. Unajua kuwa ni mwanafunzi wangu wa zamani, na bado husimama ninapoingia ofisini kwake. Nilimwambia kwamba mwisho wa mwezi ninarudi nyumbani moja kwa moja. Akashtuka.

“Mwalimu, kuna msiba?”

“Hapana.”

“Mama ni mgonjwa?”

“Ana goti tu.”

“Sasa kuna nini huko, samahani mwalimu wangu, cha kukutoa hapa ghafla hivi?”

Nikamwambia, “Kuna turubai.”

Akasema atatafuta mtu mwingine. Hakuuliza zaidi. Ni mtoto mwenye adabu.

Kifurushi hiki kitafika kabla ya Jumamosi. Kamugisha akija na mashine yake akute turubai limekauka. Mshukuru kwa nia yake njema, na kahawa mpe, lakini aitafune akiwa amesimama.

Mpelekee mama mkwe shikamoo yangu, na umwambie neno la majivu kwa upole, asidhani namdharau. Msalimie kaka yangu wa Nyakatuntu na ng’ombe wake, maana ukimsalimia bila ng’ombe hukasirika. Msalimie mzee wa kanisa aliyenunua baiskeli yangu. Mkumbushe kupaka mnyororo mafuta. Binti yetu mwambie nimefurahi kwa picha, na aendelee kuniambia mambo nisiyomuuliza.

Neno la mwisho ni la kona ya mtaroni. Ile kamba ya mgomba ikate leo, kabla haijadondosha zaidi. Pale usifunge kitu kingine, wala usimruhusu mtu afunge. Kibane kitambaa kwa vibanio vya nguo; vitashika kwa siku hizi chache. Mvua ikipenya upande ule, sogeza benchi.

Kamba ya katani ninayo mfukoni. Nitaifunga mimi.

Ni mimi mumeo,
Baba Kokusima