Kanda ya Mama

Kasubi, Kampala

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako. Macho yanaendeleaje? Yale matone yamesaidia kidogo? Najua Shangazi ndiye anayekusomea. Shangazi, tafadhali, usiruke mstari hata mmoja.

Mimi ni mzima wa mwili, moyo ndio mgonjwa. Simu zako nimezikwepa wiki tatu sasa. Si kazi nyingi, Baba, ni aibu.

Ile kanda uliyonipa Krismasi nikunakilie, ya mchezo wa zamani wa televisheni ambamo marehemu Mama aliigiza nesi aliyempokea mtu aliyeanguka kutoka angani, niliifikisha salama kwenye duka letu la filamu. Siku hizi picha za kale kama hizo tunazitoa upya kwenye diski na flashi, na hazikai, zinanunuliwa upesi. Nikainakili vizuri kwenye kompyuta. Ilipofika mwisho, mashine ikaitafuna kanda yote. Sikujali, si nakala ninayo?

Badala ya kuiweka nakala hiyo pembeni, nikaiacha kwenye foleni ya kazi za bosi, makusudi, aione. Nilitaka kujigamba kwamba mama yangu alitokea kwenye televisheni! Bosi ni mtafsiri wa filamu: anazungumza Kiganda juu ya sauti za waigizaji, akizifunika mwanzo hadi mwisho, na vichekesho vyake humo humo. Akishatia sauti yake, ile nakala ya kwanza anaifuta, kompyuta isijae. Nililijua hilo, Baba. Ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Jumatatu nikamkuta anacheka peke yake.

"Nnyabo, dada yangu, hii ya mama yako iko tamu! Nimemaliza."

"Na ya mwanzo iko wapi?"

"Nimefuta. Watu ya hapa watafanya nini na Kiswahili?"

Nilimfokea mpaka wateja wakatoka nje. Maskini, akashika kichwa. "Sasa mbona hukusema iko moja tu?"

Kweli, mbona sikusema? Kiherehere changu tu.

Sasa inauzwa. Mama akifungua mdomo, inatoka sauti ya mwanamume, na watu wanavunjika mbavu. Wewe hukuomba picha, Baba. Uliomba usikie sauti yake, na hiyo ndiyo niliyoipoteza. Nisamehe. Sina cha kujitetea.

Msalimie mdogo wangu aliye chuoni, na mama mchungaji aliyetuuguzia Mama.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Nimeusikiliza mchezo wote tena na tena, na kuna mahali pamoja ambapo bosi alipaliwa na chai, akanyamaza. Hapo Mama anasikika, anamuuliza yule mgeni wa angani, "Umekula lakini, mwanangu?" Kisha bosi anaendelea. Nililia, Baba, maana hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akituuliza sisi. Nimekikata kipande hicho peke yake. Ndicho tulichobaki nacho.

Ni mimi, binti yako niliyekukosea,
Nekesa