Majivu kwenye Mkono wa Ema

Jumatatu, 9 Juni 1947
Baridi imechoma majani ya viazi tena. Leo watoto wamechanjwa ndui, pale kanisani. Dresa, msaidizi wa daktari, katoka Njombe na kisanduku chake. Anatia tone, anakwaruza mkono, basi. Mimi kaniachia, kovu langu la chanjo ya misheni bado linaonekana. Ema wangu kalia mpaka kajikojolea. Miaka minne, hajui kitu.

Dresa kasema tusioshe, tusifunge kitambaa. Atarudi wiki ijayo kutazama mikono.

Nyumbani nimemsugua majivu ya jikoni na mafuta ya mbarika, ili dawa isitoke. Ndivyo mama alivyotufanyia tulipochanjwa chale. (Mchungaji asisikie.) Hata baba yake Ema, Yoeli, alifanya hivyo jeshini. Hadithi yake kila mtu hapa anaijua — foleni ya vifua wazi, sindano bega hili, ndui bega lile, usiku majivu. "Wenzangu walilala chini kama wamepigwa risasi, mama Ema. Mimi mkono haukuvimba hata kidogo."

Nimechoka. Kuni zimelowa, moshi tu.

Alhamisi, 12 Juni
Yunisi jirani kaja kuomba chumvi. Mwanawe Mika mkono umevimba, una kipele chekundu, mtoto halali. Nikamwonyesha wa Ema. Safi kama sahani. Yunisi kasema, wewe una mkono wa dawa, kwa nini hukuniambia?

Nilifurahi.

Njegere hazijaisha kupaliliwa. Mgongo huu.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada mzee wa kanisa katangaza: ndui iko Makambako. Kambi ya barabara. Wamezika watu.

Yoeli yuko kambi hiyo. Tangu mwezi wa nne anachimba barabara pale. Sikusikia wimbo wa mwisho.

Wanawake wakanizunguka nje. Yunisi kasema, mumeo askari wa Keya, kachomwa sindano za Mfalme mpaka damu imekuwa dawa tupu. Ndui ikimwona itampigia saluti. Tulicheka. Jioni nikaweza kula.

Jumatatu, 16 Juni
Dresa hakurudi. Wameniambia kaitwa Makambako. Mkono wa Ema bado safi.

Jumanne, 17 Juni
Tarsis kapita akienda kwao Kifanya. Walikuwa Keya pamoja na Yoeli, wakaenda vita vya Bama pamoja. Kasalimu, "Kamwene, shemeji." Nikampa viazi na ulanzi uliobaki, pombe ya mianzi yetu. Nikamwomba anisimulie siku ile ya kuchanjwa. Nilitaka kujituliza tu.

Kaanza kucheka kabla hajasema. Kasema Mjapani hakuwahi kuwaangusha wengi kwa mara moja kama dresa wa kambi. Kulikuwa na mtu mrefu wa Mawengi, aliona sindano akaangukia ndoo. Yeye Tarsis majivu aliyakataa, mkono ukawa kama kiazi kikuu. Baada ya wiki daktari Mzungu akapita kukagua. Aliyevimba, nenda zako. Asiyevimba, rudi kwenye foleni, haijashika.

Nikauliza, na Yoeli?

"Yoeli alikuwa hana hata kipele. Na kuchanjwa tena hataki, anaapa dawa imeingia vizuri ndiyo maana haisumbui. Basi nikapita mimi. Kisha nikazunguka nyuma ya hema nikapita tena, nikasema mimi ndiye Yoeli. Mzungu anatazama mkono, shemeji, hatazami sura."

Kacheka mpaka kakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Ema, anacheza na maganda ya viazi, mikono wazi.

Tarsis kaniuliza, nimesema nini kibaya? Nikamwambia, kula, shemeji.

Jumatano, 18 Juni
Nimemfunga Ema mgongoni, nimekwenda Njombe. Miguu imekufa. Dresa aliyebaki pale kaushika mkono wa mtoto, kaugeuza kwenye mwanga. Kauliza, ulipaka nini? Nikasema mafuta. Majivu sikuyataja. Kanitazama tu. Nadhani anayajua.

Haikushika.

Dawa hakuna. Yote imepelekwa Makambako. Nyingine itakuja na lori la Iringa, labda wiki ijayo. Kasema mpaka hapo mtoto asikae na mtu yeyote atokaye huko. Nikasema, baba yake yuko huko. Kasema, basi asije.

Nani atamwambia? Barua itafika lini? Njia nzima nimejaribu kukumbuka mkono wa mume wangu. Kovu la panga nalijua. La moto nalijua. Lingine silioni. Mungu wangu, labda nimesahau. Mtu akikaa miezi mbali unasahau.

Jumamosi, 21 Juni
Yoeli amekuja.

Nilikuwa nachambua maharage. Ema kamwona kabla yangu, kule chini kwenye mianzi, kakimbia. Nimemkimbilia, nimemshika gauni, limechanika. Nimemwingiza ndani nikatia komeo. Yeye anapiga kelele, baba, baba. Na baba yake kasimama uwanjani na mzigo, anatabasamu, anadhani ni mchezo.

Nimemwambia kupitia ufa wa mlango. Ndui. Mkono wa mtoto. Majivu. Nimesema yote ovyo ovyo.

Kasema, "Mama Ema, nimetembea tangu jana. Kichwa kinanigonga kwa jua tu. Nimeleta sukari. Mimi ni askari, nimechanjwa, mimi siwezi kuleta ndui."

Nikasema, nionyeshe.

Kavua koti. Kakunja shati, bega la kushoto. Kalitazama. Kakunja la kulia. Kavuta ngozi kwa vidole, kama anatafuta kupe. Katazama muda mrefu.

Kisha kasema kwa sauti ndogo, "Tarsis amekuambia?"

Nikasema ndiyo.

Nilidhani atausukuma mlango. Ni mlango wa mianzi, hata mbuzi anausukuma. Badala yake kaliinua gogo la kukalia pale uwanjani, kalipeleka mbali, karibu na kihenge, kakaa huko. Sukari kaiacha kizingitini.

Sasa uji unachemka. Sijui nimpelekee mwenyewe au nimwekee njiani kama kwa mgeni asiyejulikana. Ema kalala kifudifudi, kapitisha mkono chini ya mlango, anapunga. Nimemvuta, anarudisha.

Na baba yake kule anapunga pia —