Mawe Niliyoyapanga Juu ya Bati

Nyakato, Mwanza

Dada yangu Nyabise,

Shikamoo, dada. Naomba barua hii ikukute lile goti limepoa, na shemeji awe amerudi salama kutoka kambi ya dagaa. Watoto wanakwenda shule? Baba anakula? Mimi mwili ni mzima, nalala na kuamka, lakini nina jambo la kukueleza na barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Leo naimaliza, kwa sababu Mafuru, yule jirani yenu wa pale kisimani, anapanda basi la Musoma kesho kutwa, na najua hawezi kufika nyumbani akakaa kimya. Nataka uyasikie kwangu kwanza.

Mzee mmoja amekufa huku Igogo, dada, na mkono wangu umo katika kifo chake.

Unajua kwamba tangu kiwanda kitupunguze naishi kwa kutengeneza mapaa. Kazi yenyewe ipo. Nyumba nyingi za mjini zimezeeka, na haya mabati mapya yaliyojaa madukani tangu serikali ifungue biashara ya nje ni mepesi, ukiyakanyaga yanalia, na baada ya miaka michache yameanza kutoboka. Mvua zikianza tu watu wananitafuta.

Masika iliyopita aliniita mwenye nyumba mmoja wa Igogo. Ni nyumba ndefu ya vyumba sita, imejengwa mlimani katikati ya mawe kama zilivyo nyingi huku, na vyumba vyote vina wapangaji. Kilichokuwa kinavuja ni cha mwisho. Ndani alikuwa anakaa Mama Rozalia, mjane anayekaanga mapanki sokoni. Mapanki ni ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kusafirishwa Ulaya. Ndiyo kitoweo cha wengi wetu siku hizi. Alikuwa anakaa na baba yake, Mzee Malimi, aliyekuwa mpakizi wa mizigo relini enzi zake. Miguu ilikuwa imemfia, kutwa yuko kitandani.

Nilipoingia mzee akanyoosha kidole juu ya kitanda. "Yanadondokea hapa, fundi. Ziba hapa."

"Mzee, maji hayaingilii yanapodondokea," nikamwambia. "Yanaingilia juu huko, yanafuata ubao mpaka yakute kizuizi, ndipo yanaanguka. Nikiziba hapa nitakuwa nimeziba pasipo na tundu."

Akacheka. "Kumbe maji nayo yanasafiri."

Nilifunga mlango na dirisha, chumba kikawa giza mchana ule ule. Nikabandua maboksi waliyokuwa wameyagongelea kama dari, nikatazama juu. Penye tundu mwanga unapenya, huwezi kukosa kuuona. Mengi yalikuwa matundu ya misumari. Kile kipande cha mpira kinachokaa chini ya kichwa cha msumari kilikuwa kimekauka na kukatika, na upepo ulikuwa umelitikisa bati mpaka tundu likapanuka. Kwenye kofia, pale juu pande mbili za paa zinapokutana, kutu ilikuwa imekula bati lote. Tena aliyeezeka zamani alilalisha bati juu ya jingine kidogo mno, na ukingo wake akauelekeza upande wa ziwa, unakotoka upepo wa mvua, kwa hiyo maji yalikuwa yanasukumwa ndani. Hayo yote yana dawa.

Kisha nikachomeka bisibisi kwenye kenchi, yaani zile mbao kubwa zinazobeba paa. Ikazama mpaka kwenye mpini. Nikaichomoa, ikatoka na unga mweusi wenye majimaji. Nikajaribu kenchi ya pili, ikawa vile vile. Maji ya miaka mingi yalikuwa yamezioza kwa ndani na mchwa wakamalizia. Kwa nje ungesema ni mbao.

Nikamfuata mwenye nyumba barazani kwake.

"Mzee, shida si bati. Kenchi mbili zimeoza. Zinatakiwa kubadilishwa, na mpaka hapo wale watu watoke kile chumba."

"Nimekuita kuziba au kunitolea wapangaji?" akaniuliza. "Ziba matundu. Mbao nitazishughulikia mvua zikiisha."

"Upepo ukija, mzee..."

"Kama huwezi sema. Mafundi wapo wengi."

Ni kweli wapo wengi. Nusu ya wanaume tuliopunguzwa kiwandani leo ni mafundi wa kitu fulani. Nikanyamaza, dada. Nikapanda juu ya paa.

Nilisugua kutu kwa brashi ya waya, nikachemsha lami, nikalowanisha vipande vya gunia nikavibandika penye matundu na kupaka tena juu yake. Kofia nikabadilisha. Kwa kuziba, niliziba vizuri. Lakini misumari mipya haikushika. Ukigonga inaingia kwenye ubao laini kama unachoma kiazi kilichoiva, ukivuta inakufuata. Nikaona upepo wa kwanza utabeba bati na mimi ndiye nitakayeulizwa. Basi nikafanya wanavyofanya wengi huku. Nikaokota mawe mlimani nikayapanga juu ya bati ili yalikandamize. Mengine yalikuwa makubwa, nilisaidiwa kuyapandisha. Mkono uliotoka kuchomeka bisibisi kwenye zile mbao ndio huo huo uliozibebesha mawe. Sikujidanganya kwamba sijui. Nilijua, nikasema moyoni labda zitavumilia mpaka kiangazi.

Nikarudishia maboksi mahali pake, mbao zisionekane. Jioni Mama Rozalia akarudi sokoni, akaniwekea ugali na samaki, akasimama mlangoni kunitazama nikila.

"Kwa hiyo fundi, sasa tunaweza kulala?"

"Laleni tu, mama," nikamjibu.

Mvua zikanyesha wiki mbili na chumba kile hakikuvuja. Wiki ya tatu, siku moja mchana, nilikuwa Butimba kwenye nyumba ya mwalimu mmoja, nazibua mfereji wa paa uliojaa majani mpaka maji yakawa yanarudi ukutani. Upepo ukaja kutoka ziwani na mvua nzito nyuma yake. Nikashuka ngazi nikajibanza ukutani mpaka ukapita. Nilipofika mjini, muuza karanga mmoja ninayefahamiana naye akanishika mkono. "Umesikia? Igogo paa limemwangukia mtu." Sikumuuliza nyumba gani. Miguu yangu ilishajua pa kwenda.

Nilikuta watu wanatoa mbao nje. Mzee Malimi walikuwa wamemlaza kwenye mkeka katika baraza ya jirani, wamemfunika khanga. Mtu mwenye miguu angewahi mlango. Yeye jiwe lilimfuata pale pale kitandani. Nililiona lile jiwe sakafuni na nililitambua, lina mstari mweupe ubavuni, lilinisumbua sana kulipandisha.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama uani akisema kwa kila anayefika, "Upepo. Upepo wa leo haujawahi kutokea." Na watu wakaitikia, maana kweli ulikuwa umeangusha miti kule chini ufukweni. Mimi nikasaidia kutoa mbao. Dada, nikuambie na hili: nilipokuwa navipanga vile vipande kando ya ukuta, nilijikuta navilaza upande uliooza ukiangalia chini.

Tukazika. Siku ya tatu nikaenda msibani kukaa na wafiwa, kwa sababu kutokwenda kungekuwa vibaya zaidi. Mama Rozalia akaja akakaa karibu yangu kwenye mkeka.

"Asante kwa kuja, fundi," akasema. "Uliziba vizuri. Tangu siku ile hata tone moja halikumdondokea baba. Alikuwa anakusifu."

Nikaweka kikombe cha chai chini.

"Mama, nilijua," nikasema.

"Ulijua nini?"

"Zile mbao zilikuwa zimeoza. Mwenye nyumba nilimwambia, wewe sikukuambia. Na mawe niliyaweka mimi."

Wanawake waliokuwa karibu wakaacha mazungumzo yao. Yeye akawa anatazama viganja vyake vyenye makovu ya mafuta ya moto.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ungesema, ningempeleka kwa mdogo wangu kule Magu. Ningembeba hata mgongoni." Hakupandisha sauti. Kisha akasema, "Nenda, fundi. Sina la kukujibu sasa."

Nikaondoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamweleza yote. Akamwita mwenye nyumba, nikayarudia mbele yake.

"Mawe aliyaweka nani?" mwenye nyumba akaniuliza.

"Mimi."

"Haya, mmemsikia wenyewe."

Mwenyekiti akaniambia nipande kwenye vyumba vingine vitano, wapangaji wakiangalia. Bisibisi ilizama katika vitatu. Akaamuru vihamwe siku hiyo hiyo, nayo mvua ilikuwa inanyesha. Nilidhani nimefanya jambo jema. Mama mmoja wa mapacha akapita mbele yangu na godoro kichwani, akasimama. "Kwa mwenzetu ulinyamaza," akasema, "kwetu ndiyo umepata mdomo?" Watoto walikuwa wameshika khanga yake, wameloa.

Polisi walitwaa maelezo yangu na ya mwenye nyumba, wakatuambia tutaitwa. Hatujaitwa. Nyumba inaezekwa upya na fundi mwingine. Igogo hakuna anayenipa kazi, na wakiniona na ngazi yangu wanaoneshana. Siwalaumu.

Wiki iliyopita Mama Rozalia akanitumia mtu nimfuate upande wa pili wa mlima. Njia nzima nilikuwa najiandaa kutukanwa. Nikamkuta amesimama nje ya nyumba ndogo, vyombo vyake viko chini, kitanda, karai la kukaangia, mafurushi mawili. Salamu yangu hakuiitikia.

"Nataka kupanga hapa," akasema. "Ingia utazame. Uniambie ulichokiona."

Sijawahi kukagua paa kwa muda mrefu vile. Nilichomeka bisibisi kwenye kila ubao, juu, chini na kwenye maungio. Nilipapasa kila msumari. Nikashuka nikamwambia kwamba mbao ni nzima, bati moja la pembeni limelegea, na kenchi ya katikati ina ufa karibu na fundo.

"Ufa utaleta nini?"

"Haujafika ndani. Unaweza kukaa miaka bila kuleta neno. Lakini mimi ningepigilia ubao pembeni yake."

"Pigilia."

Nikaenda kutafuta ubao. Yeye mwenyewe alinishikia ncha ya chini wakati napigilia, ametazama juu, vumbi linamwangukia machoni na hapangusi. Tulipomaliza akanitaka nichomeke tena bisibisi aone. Nikachomeka, ikagoma. Akaichukua mkononi mwangu, akapanda ngazi, akachomeka mwenyewe.

Kisha akashuka, akaanza kuingiza kitanda peke yake. Nikashika upande wa pili.

"Acha," akasema.

Nikaacha. Nikakusanya vifaa vyangu nikaondoka. Nilipogeuka alikuwa bado anakivuta, mguu mmoja wa kitanda umekwama kwenye kizingiti.

Ndiyo habari yangu, dada. Usiniambie nirudi nyumbani kwa sasa. Polisi wakiita nataka wanikute.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote. Shangazi mwambie dawa ya kifua aliyoniagiza nimempa Mafuru. Baba msomee barua hii yote, usiruke mahali. Akinyamaza, usimuulize anawaza nini.

Mdogo wako uliyemlea,
Masatu