Magego Manne ya Zebaki

Jumatatu, 7 Juni 1971

Chai, mkate wa kumimina, kisha jiko la kazi. Pete mbili za fedha nimezipaka dhahabu, zote zimetoka na madoa. Mkono wa kulia unaruka kama mkia wa mjusi uliokatika. Vikuku vya mjukuu wangu Zuhura bado vipande tu, na harusi ni mwezi ujao. Miaka arobaini sonara, leo pete inanishinda! Naogopa. Basi.

Jumatano, 9 Juni

Mchawi nimemjua. Yumo kinywani mwangu. Magego manne niliyozibwa Unguja zamani. Yule mzibaji alichanganya fedha na zebaki mbele ya macho yangu. Zebaki naijua mimi, inakula dhahabu kama mchwa. Jikoni kwangu haina neno: naichanganya na dhahabu, napaka juu ya fedha, natia motoni. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Iliyokwenda imekwenda. Lakini hii ya kwenye jino, iende wapi kama si mwilini mwangu? Mke wangu, Bi Mwanaidi, anasema ni uzee. Nimemwambia uzee ni wake, mimi nina zebaki.

Jumatatu, 14 Juni

Dar. Daktari wa meno ana ndevu tatu. Kaniuliza kazi yangu, nikamwambia mwadhini. Nilitaka kumcheka tu.

"Mzee wangu, meno haya hayana kosa."

"Toa."

"Yatavunjika."

"Toa, mjukuu wangu, usinichoshe."

Mawili kayachimba zebaki ikatoka. Mawili yakapasuka, akayang'oa. Nimelia. Naandika hivyo hivyo: nimelia.

Alhamisi, 17 Juni

Bi Mwanaidi kanigeuza ndama. Asubuhi maziwa, mchana dafu, jioni habasoda na asali. Tambuu marufuku. Tumbaku marufuku. Eti mwili upate nguvu, sumu itoke. Nakojoa kama mfereji. Mkono haujapata habari.

Ijumaa, 25 Juni

Siku tisa za maziwa. Nimejaribu kikuku kimoja. Dhahabu imeganda mabonge. Nimetupa koleo ukutani. Msikitini sikumwomba Mungu kitu. Nilimnunia.

Jumatano, 30 Juni

Sili nyama. Sifanyi kazi. Zuhura kaja kuuliza vikuku, nikamwambia miguu yake mibaya, haistahili. Kacheka. Alipoondoka sikuwa na mzaha mwingine.

Jumatatu, 5 Julai

Dar tena, fizi zitazamwe. Mkono ukapiga bilauri ya daktari, ikavunjika. Kaniuliza tena: kazi yangu hasa nini? Nikasema kweli. Nikamweleza na zebaki, na moto, na moshi. Akauliza dirisha. Tunalifunga, nikasema, upepo usiharibu moto.

Kaweka kalamu chini.

"Mzee, ungeniambia siku ile, nisingeyagusa meno yako. Ule moshi haukwenda. Uliuvuta wewe."

Dawa? Niache jiko. Mkono huenda ukatulia kidogo, huenda usitulie. Nimeng'olewa meno kwa mzaha wangu mwenyewe. Miaka arobaini nalifunga lile dirisha kwa mkono huu huu.

Akauliza nani mwingine hukaa chumbani humo. Nikachukua kofia yangu, nikatoka.

Jumanne, 6 Julai

Vikuku nimempelekea Sefu, sonara wa mtaa wa pili. Atavimaliza fedha tupu.

Bi Mwanaidi kauliza kama avute mvukuto. Ndiye anayenivutia tangu tuoane, uso wake karibu na makaa kuliko wangu. Nikamwambia leo hakuna moto. Kakaa barazani na ungo wa mchele.

Nimemtazama vidole. Chuya anaiona, anaifuata, anaikosa. Anaifuata tena.

Nimekaa karibu yake, nikavuta nusu ya ungo juu ya goti langu. Tumechagua mchele mpaka adhuhuri.