Kengele Niliyoitungia Maneno

Jumatatu, 5 Agosti

Mama ameniuza. Hakuniuliza, ameniuza tu.

Leo alimpeleka Bibi kwenye mazoezi, akarudi anatabasamu peke yake, nikajua kuna jambo. Kumbe daktari wa viungo amempata mwongozaji wa watalii huko Japani, dada anayetembea na simu mkononi katika mji wa kale wenye mahekalu, na watu humfuata kwa mtandao wakiwa kwao. Daktari anataka wagonjwa wake wamfuate kwa miguu. Akipiga hatua, nao wapige hatua hapo hapo walipo. Akipanda ngazi, nao wapande na kushuka kijukwaa cha mbao cha mazoezi. Eti watasahau kwamba wanafanya mazoezi.

Shida — dada huyo anaongea Kiingereza. Na Mama, kwa mdomo wake mwenyewe, akasema binti yake anasoma kwa lugha zote mbili, atatafsiri.

Mimi! Mimi ambaye darasani wananiita Konokono, kwa sababu nikiguswa tu narudi ndani. Nimemwambia siwezi. Amesema ni kwa ajili ya Bibi, na maneno yakaishia hapo. Bibi alianguka bafuni miezi minne iliyopita. Mfupa umeshaunga, picha zinaonyesha, lakini hatembei. Kitandani, kitini, kitandani. Daktari alimwambia Mama pembeni kwamba asipoanza kutembea mwezi huu, huenda asitembee tena.

Na ni kesho.

Jumanne, 6 Agosti

Ukumbi mdogo, shuka jeupe ukutani, projekta inanguruma kama friji bovu. Wazee saba. Makwapa yangu yalilowa kabla hata picha haijatokea. Halafu ukutani ikaja mvua — mvua ya kwao! — na mwavuli, na dada akitupungia mkono sisi.

Nilijikokota. Akisema sentensi tano, mimi natoa moja. Kuna dereva mstaafu, kiharusi kimemlegeza mkono ila ulimi hakikuugusa. Akaniuliza, "Mwenzio kaongea dakika nzima, wewe unatupa maneno manne. Mengine unayapeleka wapi, mjukuu? Nyumbani?" Wote wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto.

Tukafika kwenye kengele kwa njia ya nyuma, maana ngazi za mbele ni nyingi mno kwa siku ya kwanza. Kubwa, mtu mzima anaweza kujificha ndani yake. Inaning'inia chini ya paa la mbao na hugongwa kwa gogo. Mwongozaji akaeleza kwa kirefu, sauti ikawa inakatika-katika. Nilinasa "kengele". Nilinasa "mbali". Basi. Nyuso saba zikanigeukia. Dereva akaanza kufungua mdomo. Nikamuwahi:

"Anasema kengele hii hugongwa kwa ajili ya mtu aliyekwenda mbali na hajarudi. Popote alipo inamfikia, anakumbuka kwao."

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka nzima, imenyooka, kama nimeisoma mahali. Dereva akaegemea mbele kuitazama. Na Bibi, ambaye tangu mwanzo alikataa hata kuinua kisigino, akashika mabomba mawili ya kujishikilia pembeni. Akasimama.

Jumatano, 7 Agosti

Bibi ametembea kutoka chumbani mpaka jikoni. Kwa mkongojo, ndiyo, na alichukua muda wa kuchemsha chai — lakini ametembea! Mama alidondosha kijiko. Wakakumbatiana. Mimi nikajifanya naosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Baadaye Bibi akaniita. "Mke mwenza, njoo." Ananiita hivyo tangu nizaliwe, eti nilikuja kumnyang'anya mume. Akataka kujua ile kengele iko wapi hasa, mtu anapanda ngazi ngapi kuifikia, na je, hugongwa kwa mtu yeyote au wa kwao tu.

Nilijua anamfikiria nani. Mjomba, mwanawe, aliondoka kutafuta kazi nchi za nje nikiwa na miaka sita. Simu zikawa za kila wiki, za kila mwezi, halafu namba ikafa. Miaka saba sasa. Mama hamtaji. Bibi hamtaji pia, ila simu yake huwa haiachi mbali na mkono, hata usingizini.

Nikasema sijui. Angalau hilo lilikuwa kweli.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimetafuta kwenye mtandao. Kengele ile iliwaita watawa wakati wa ibada. Ni hivyo tu. Ni kubwa, ndiyo maana inasikika mbali. Ile "mbali" yangu ndiyo hiyo.

Nimeufunga ukurasa huo haraka.

Leo ilikuwa matembezi ya pili. Vichochoro vya nyumba za mbao, duka la majani ya chai, halafu bustani isiyo na ua hata moja. Kokoto nyeupe zimechorwa mistari kwa reki, na hakuna anayeruhusiwa kuzikanyaga. Dereva akasema mke wake akiiona atahamia huko, maana miaka arobaini anapigania sakafu yake isikanyagwe. Nilimtafsiria mwongozaji, akacheka mpaka simu ikatikisika. Kwa dakika moja nilisahau kuogopa. Kutafsiri ni kutamu, kumbe, unaposema kilichosemwa!

Kisha Bibi akamvuta daktari kando. Si mimi — daktari. Akamwomba Jumamosi turudi kwenye kengele, tupande ngazi zote, na yule dada aigonge mara moja kwa niaba yake. Daktari alifurahi kama mtoto. Amemwandikia mwongozaji hapo hapo, na amekubali. Ngazi mia moja na kumi na mbili. Bibi kitini pake alikuwa tayari anainua magoti kimya kimya. Kulia, kushoto.

Nikisema ukweli, atakaa chini. Nisiposema, kengele italia, atarudi nyumbani kuingoja simu. Wiki, wiki mbili. Haitalia. Hapo atakaa chini pia, na safari hii hata mimi sitakuwa na neno la kumwinua.

Ijumaa, 9 Agosti

Nilijaribu kumwambia Mama. Nikaanza na "Mama, ile kengele —" akaniwahi kwa kunishika kichwa kwa mikono miwili, akasema sijui ulichofanya mwanangu, lakini Mungu akulipe.

Nikarudi ndani. Konokono.

Bibi amepiga pasi gauni lake la harusi za watu. Amesimama wima mwenyewe kwa pasi nzima.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika stoo, katikati ya magongo na mipira ya mazoezi. Nimekaa juu ya godoro lililokunjwa. Daktari ametoa mapumziko ya dakika kumi, anawapima wazee presha. Mwongozaji naye anatungoja katikati ya ngazi. Alisema hana haraka, hata yeye miguu inamuuma.

Tulipanda hamsini na sita. Wazee wengine walikomea ishirini, dereva alikomea thelathini akasema atatusubiri chini kwenye gari. Bibi alipanda zote. Kijukwaani, chini, kijukwaani, chini, jasho linamtiririka kwenye gauni la pasi. Aliniachia mkongojo ili ashike mabomba kwa mikono miwili. Nilihesabu kwa sauti. Sauti yangu! Ukumbi mzima ulikuwa unahesabu pamoja nami.

Halafu mwongozaji akauliza, kwa upole, huyo mama anayetaka kengele igongwe ni nani, na kwa nini kengele hii.

Nikamgeukia Bibi nikatafsiri. Hilo nilitafsiri sawasawa.

Bibi hakufikiri hata kidogo. "Mwambie jina la mjomba wako. Alitaje kwanza, ndipo agonge. Mwambie nimesubiri vya kutosha kwa kukaa."

Ndipo daktari akasema tupumzike. Nikatoka mbio.

Mpaka sasa mwongozaji hajajibiwa. Nikimwambia alivyosema Bibi, atauliza, jina la nini? Na Bibi atauona uso wake kwenye lile shuka, mkubwa kama dirisha, unashangaa. Uso hauhitaji mtafsiri. Au nimwombe dada yule kwa Kiingereza anisitiri, ataje tu jina na kugonga, mbele ya wote na hakuna atakayejua. Naweza. Maneno ninayo tayari, yamenyooka kama yale ya Jumanne. Ndiyo yanayonitisha.

Au nimwambie Bibi. Bibi, maneno niliyazua mimi. Maneno manne tu. Dereva angeniuliza mengine nimeyapeleka wapi.

Dakika zimekwisha, nadhani. Mtu anakuja kwenye korido. Anaburuza viatu, anasimama, anaburuza tena. Si daktari, daktari hutembea kama anachelewa basi.

"Mke mwenza," ananiita. Amefika mlangoni. Anahema. "Toka huko. Nina neno nawe kabla hatujamaliza zile ngazi."

Ni Bibi. Amekuja peke yake, korido nzima.

Nimetazama mapajani pangu sasa hivi. Mkongojo wake ninao mimi.